Bwawa la Watu

Baba alirudi nyumbani saa nane mchana. Kwa miaka 17 aliyofanya kazi Masaki hakuwahi kurudi kabla ya magharibi, kwa hiyo Mama alizima jiko kwanza ndipo akamwuliza kuna nini. Baba akavua viatu, akakaa mkekani, akasema, "Wamenipa mwezi mmoja. Wanasema bwawa limenishinda."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei ya nyanya sokoni.

Mimi nilikuwa chumbani natuma maombi ya kazi. Shahada yangu ya kemia ilikuwa na umri wa miezi minane na haikuwa imenipatia hata usaili mmoja. Shahada hiyo, kusema kweli, ilikuwa ya bwawa lile. Ada ya sekondari, sare, nauli za likizo, na ile sehemu ya chuo ambayo bodi ya mikopo haikuigusa, vyote vilitoka kwenye maji ambayo hakuna mtu wa nyumba yetu aliyewahi kuoga. Mama alikuwa na msemo wake wakati wowote nilipovivia masomo: "Baba yako yuko juani kwenye bwawa la watu."

Usiku ule nilimwuliza Baba tatizo hasa ni nini. Akanionyesha kwa kidole hewani, akichora mstari mrefu ulionyooka. "Chumvi," akasema. "Imeshika vigae."

Kesho yake tuliondoka Mbagala pamoja alfajiri.

Nilikuwa nimewahi kufika pale mara mbili tu, nikiwa mdogo, nikaishia kibandani kwa mlinzi. Sasa nilisimama ukingoni kabisa. Bwawa lenyewe si kubwa: mita 10 kwa 5, kina cha wastani mita moja na nusu. Ukipiga hesabu ni lita 75,000. Vigae vyake ni vya buluu, na pale maji yanapogusa ukuta palikuwa na mkanda mweupe, mpana kama kiganja, umezunguka bwawa zima. Nilipoupapasa ulikuwa mkwaruzo mtupu, mgumu kama ukoko wa wali uliosahaulika jikoni. Mdomo wa bomba linalorudisha maji kutoka kwenye chujio ulikuwa umevimba kwa weupe huohuo. Maji nayo, ukiyatazama kwa mbali, yalikuwa na ukungu kidogo.

Mama mwenye nyumba alitoka na kikombe chake cha chai. Nikamwamkia, akaitikia vizuri. Hakuwa mtu mbaya, na naona nilipaswa kulisema hilo mapema. "Mwanangu," akaniambia, "baba yako ni mwaminifu, lakini mimi nina wageni mwezi ujao. Kuna kampuni wameniambia watalimaliza kwa siku mbili." Baba alikuwa amesimama pembeni ameshika wavu wa kuokotea majani, anatazama miguu yake.

Nikasema, "Mama, tupe huo mwezi."

Nilikuwa nimekuja na kisanduku cha kupimia maji nilichoazima kwa rafiki wa chuo. Nilichota maji kwa kuingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, maana maji ya juu hayasemi ukweli, nikaanza kuhesabu matone. Tone la rangi ya kupima pH liliyageuza maji yangu kuwa ya waridi iliyokolea: 8.2, wakati bwawa linataka kukaa kati ya 7.2 na 7.8. Kwa ualkali nilihesabu matone 21 kabla rangi haijageuka kutoka kijani kwenda nyekundu. Kila tone ni miligramu 10 kwa lita, kwa hiyo 210, na kawaida ni 80 mpaka 120. Ugumu wa maji, yaani kalsiamu iliyomo, ulifika 600. Bwawa la saruji linataka 200 mpaka 400.

"Baba," nikamwambia, "hii si chumvi. Ni chokaa."

"Chumvi, chokaa," akajibu. "Inasuguliwa kwa mkono uleule."

Rasi ya Msasani, ambako Masaki imekaa, imejaa jiwe la matumbawe. Ukichimba kidogo unakutana nalo, jeupe, lenye matundu, na ukilitazama vizuri unaona maumbo ya viumbe waliolijenga chini ya bahari. Jiwe hilo ni kalsiamu kaboneti. Watu wa pwani walilichoma kupata chokaa na kulikata kupata matofali. Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani, kasri la karne ya 14, limejengwa kwa matumbawe, na ndani yake kuna bwawa la kuogea la pembe nane. Kwa hiyo bwawa la nyumbani si jambo geni kwetu, wala mtu wa kulisafisha si mtu mpya. Ni vile tu kwamba jina la sultani limebaki vitabuni na la msafishaji halipo.

Mvua inapopita ardhini hubeba kaboni dioksidi, ikawa na uchachu kidogo, na uchachu huo huyeyusha matumbawe polepole. Maji ya kisima yanatoka safi kama glasi, kumbe yamebeba jiwe tumboni. Yakimwagwa kwenye bwawa, jua linayapasha, hewa ile ya kaboni dioksidi inatoroka, pH inapanda, na jiwe linaanza kutafuta pa kukaa. Chokaa ina tabia iliyo kinyume na ya sukari: maji yakipata joto, yenyewe huyeyuka kidogo zaidi. Ndiyo maana birika la nyumbani hushika weupe chini. Na bwawani hushika zaidi pale juu, kwenye mstari wa maji, kwa sababu pale ndipo maji hukauka kila mchana na kuacha alichobeba kila tone.

Nilikaa kwenye kivuli cha mwembe nikapiga hesabu. Tuseme jua la Dar linakausha milimita 5 kwa siku. Kwa eneo la bwawa lile ni lita 250. Kwa mwaka ni lita 91,000, yaani bwawa zima linapaa hewani na kujazwa upya, na zaidi. Maji hupaa, lakini jiwe halipai. Kisima cha pale nilikipima kikasoma 300. Lita 91,000 zenye miligramu 300 kila moja ni zaidi ya kilo 27 za chokaa kwa mwaka, zaidi ya nusu mfuko wa saruji. Mvua hupunguza kidogo, na kuosha chujio hupunguza kidogo. Lakini mzigo ni huo, na aliyekuwa akipambana nao ni mzee mmoja mwenye brashi.

"Kisima kilichimbwa lini?" nikauliza.

"Mwaka wa tatu huu. Zamani tulikuwa tunaletewa maji kwa boza."

Basi. Miaka 14 ya kwanza alikuwa akipambana na maji laini zaidi, na mkono ulitosha. Kisima kilipokuja, mwajiri akaokoa pesa za maboza, na gharama ikahamia mgongoni kwa Baba. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Hakuna aliyemwambia kwamba maji yamebadilika.

Nilijisikia vizuri kwa kugundua hilo. Nilijiona mwanasayansi. Nikaenda chumba cha pampu kutafuta asidi, kwa sababu dawa ya ualkali uliozidi ni asidi hidrokloriki, na kila bwawa la saruji linayo mahali fulani. Nikaikuta. Nyuma ya ndoo za klorini ya unga, chini ya gunia, kulikuwa na madumu manne ya lita 5. Vumbi lilikuwa limelala juu ya vifuniko. Yote manne yalikuwa hayajafunguliwa.

Nilitoka na dumu moja mkononi. Sipendi kukumbuka sauti niliyoitumia. "Baba, dawa unayo! Miaka yote hii unasugua kwa mkono na dawa imelala humo ndani? Kwa nini?"

Mlinzi aligeuza uso. Baba akaninyang'anya dumu kwa upole, akalirudisha chini ya gunia, akafunga mlango wa chumba cha pampu. Kisha akasema twende tukanywe chai.

Hakunisimulia pale. Alinisimulia jioni, kwenye daladala, tukiwa tumekaa kiti cha nyuma, makelele ya kondakta yakimfichia maneno.

Nikiwa kidato cha pili, alisema, siku moja alitaka kuweka asidi bwawani. Kopo la asidi lilikuwa limepasuka, akachukua kopo la klorini. Lilikuwa na unga kidogo chini, hakuuona. Akamimina asidi ndani ya kopo lile, ndani ya chumba kile, mlango umesukumwa na upepo ukajifunga. Moshi wa njano-kijani ukapanda. Akakohoa, akainama ili apate pumzi, na kule chini ndipo ulikokuwa mwingi zaidi. Mlinzi wa zamani alimvuta nje kwa mkanda wa suruali.

"Nilikaa wiki mbili," akasema. "Mama yako nilimwambia ni kifua cha baridi."

Nilikumbuka. Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita, na Baba alilala ameegemea mito mitatu kwa sababu kulala chali kulimshinda. Nilikumbuka pia kwamba muhula ulipofunguliwa ada yangu ilikuwa imelipwa yote. Sikuwahi kujiuliza mtu asiyekwenda kazini wiki mbili aliitoa wapi.

Gesi ile ni klorini yenyewe. Ni nzito kuliko hewa, ndiyo maana hukaa chini, ndiyo maana kuinama kulimponza. Chuoni tuliisoma. Tulifundishwa kwamba tarehe 22 Aprili 1915 Wajerumani waliifungulia karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, ikatambaa mpaka kwenye mahandaki ya adui. Kwenye mtihani nilieleza jinsi inavyogeuka asidi ndani ya mapafu. Nilipata alama nzuri. Na aliyekuwa akinilipia nikae darasani nijifunze hayo alikuwa ameshaivuta.

"Kwa hiyo tangu siku ile hujafungua dumu?"

"Nikilifungua, mikono inatetemeka," akasema. Halafu akatazama nje ya dirisha mpaka Mbagala.

Hatukuizungumzia tena hofu ile. Tulizungumzia kazi.

Jambo la kwanza nililomweleza lilimshangaza: asidi haiondoi chokaa. Inaiyeyusha, ikapovuka, ikatoa hewa, na kalsiamu ikarudi majini kukaa ikisubiri pH ipande tena. Kuitoa kabisa ni kutoa maji. Kwa hiyo tuliacha klorini ishuke kwa siku chache, tukapunguza maji nusu. Nusu tu. Bwawa tupu kwenye ardhi yenye maji juujuu linaweza kuinuliwa kama mtumbwi na kupasuka. Kisha nikamwomba mama mwenye nyumba maboza manne ya maji ya bomba, yale yanayotoka Mto Ruvu. Aliguna bei, nikamwonyesha hesabu ya kilo 27, akakubali.

Maji yalipokuwa chini, mkanda mweupe ulibaki juu, wazi, unafikika. Baba alianza na jiwe la kusugulia nyayo, lile jepesi lenye matundu, analilowesha kila mara lisikwaruze vigae. Mimi nilichukua ndoo ya maji, nikaongeza asidi kidogo ndani yake, maana asidi huenda kwenye maji, maji hayaendi kwenye asidi. Nilivaa glavu, miwani na barakoa, upepo ukinipiga mgongoni. Tone la kwanza lilipogusa ukoko likachemka kwa mapovu. Hiyo ni habari njema: ukoko wa aina nyingine, ule wa silika, haupovuki, na huo ni shughuli nyingine kabisa.

Nilinogewa. Weupe ulikuwa unayeyuka mbele ya macho yangu na buluu inatokea, na nilitaka Baba aone. Nikaongeza ukali wa ndoo. Nikapaka, nikaacha ikae, nikapaka tena. Sikusikia alipokuja nyuma yangu. Alipitisha kidole kwenye maungio ya vigae, akakiinua mbele ya uso wangu. Kilikuwa na mchanga.

"Mama," akaniambia, anavyoniita tangu utotoni, "unakula ukuta."

Alikuwa sahihi, na kemia ilikuwa upande wake. Saruji ya Wazo, kule Tegeta, hutengenezwa kwa chokaa ya mlima uleule inakochimbwa, na asidi haijui tofauti kati ya chokaa iliyokuja bila kualikwa na ile iliyoshikilia nyumba. Tuliosha pale kwa maji mengi. Kipande kile, karibu na ngazi, mpaka leo kina maungio yaliyozama, na kila nikipita nakiona.

Mwaka 1936 profesa wa Kimarekani, Wilfred Langelier, alichapisha hesabu ya kujua kama maji yatajenga chokaa au yatakula. Alikuwa akifikiria mabomba ya miji, lakini watu wa mabwawa wakaichukua. Unachanganya pH, joto, kalsiamu, ualkali na chumvi zilizoyeyuka, unapata namba moja. Ikizidi sifuri, maji yameshiba na yatatema jiwe ukutani. Ikishuka chini ya sifuri, maji yana njaa na yatakula saruji mpaka yashibe. Maji ya Baba yalizidi moja nilipoyapima mara ya kwanza. Nilimweleza hivyo, akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. "Kumbe ni kama watu," akasema. Sikumwuliza ana maana watu gani.

Maboza yalipokwisha kumwaga, ugumu ulisoma karibu 350 na ualkali 150. Ilibaki kuushusha kwa 50. Kwa bwawa lile kila 10 ni lita moja na nusu ya asidi, kwa hiyo lita saba na nusu, kwa siku nne, jioni, pampu ikizunguka.

Siku ya kwanza nilimimina mimi. Baba alisimama mbali, karibu na geti.

Siku ya pili pH ilikuwa imeshuka mpaka 7.1, na haikuwa inapanda haraka. Nikataka kuongeza magadi. Nilijua hesabu yake. Baba akatikisa kichwa. Alikwenda kwenye mdomo wa bomba linalorudisha maji, akaugeuza utazame juu, na maji yakaanza kuruka na kupasuka juu ya uso wa bwawa kama mvua.

"Acha yapigwe," akasema. "Wajukuu wa hapa wakija likizo, wakirukaruka humu siku nzima, kesho yake rangi inapanda yenyewe. Nimeliona hilo miaka."

Nilisimama nikafikiri. Kupiga maji hutoa kaboni dioksidi. Kaboni dioksidi ikitoka, pH hupanda, lakini ualkali haubadiliki. Magadi yangu yangeupandisha tena ualkali tuliotumia siku mbili kuushusha. Nilichokuwa nikikihitaji hasa ndicho alichokifanya, naye alikijua kwa kuwatazama watoto wa watu wakicheza.

Siku ya tatu alikuja akasimama kando yangu. Alivaa glavu zangu. Alikagua kopo la asidi ndani na nje, akalisuuza mara mbili ingawa lilikuwa jipya, na niliona mikono yake. Nikatazama pembeni. Alifungua dumu nje, uwanjani, mlango wa chumba cha pampu ukiwa umefungwa, akamimina kidogo kidogo akitembea ukingoni, kinyume cha upepo usoni mwake, amebana pumzi kama anayepita kwenye moshi wa kuni. Alipomaliza alipumua kwa nguvu, akasema, "Haya."

Mwezi ulipoisha mama mwenye nyumba alitembea kuzunguka bwawa lote na kikombe chake. Namba ya Langelier ilikuwa karibu na sifuri na vigae vilikuwa buluu. Alifurahi sana. "Umeona, mzee?" akamwambia Baba. "Kumbe ukitaka unaweza."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na yote tayari: kisima, kilo 27, kopo la klorini, mito mitatu. Baba akanitazama mara moja tu, jicho lile ambalo mtoto wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa, akasema, "Ahsante, mama." Nikafunga mdomo. Mpaka leo sijui kama nilifanya vyema. Najua tu kwamba siri haikuwa yangu.

Sasa niko Morogoro, mkataba wa miezi sita kwenye maabara ya maji. Kisanduku kile nilikinunua kwa rafiki yangu, nikamwachia Baba. Kabla sijaondoka niliagiza mambo mawili: kopo la asidi lipakwe rangi nyekundu na lisikae chumba kimoja na klorini, na chumba cha pampu kitobolewe tundu chini ya ukuta, hewa nzito ipate pa kutokea. Tundu mama mwenye nyumba alilikubali bila kuuliza sababu.

Mstari utarudi. Kisima ni kilekile na jua ni lilelile. Kila Jumamosi, kabla ya saa moja asubuhi, Baba hunitumia picha ya kichupa cha kupimia amekishika mbele ya karatasi nyeupe. Anaandika, "Hii ngapi?" Namjibu, "7.5, Baba." Daftari lake liko pembeni kwenye picha, na ukikuza unaona namba imeshaandikwa kwa kalamu. Nyuma yake, juani, kuna kopo jekundu limepinduliwa likauke.